Kitanda cha Yatima

Watu wa rika langu wakikutana kwenye kabare, baa zetu za mtaani, chupa ya pili ikishafunguliwa, huulizana kama chuo kikuu kilitufaa chochote. Mmoja ana shahada ya uchumi na anauza saruji katika duka la shemeji yake. Mwingine alisomea sheria, sasa anawaandikia watu barua juu ya meza ndogo nje ya mahakama. Hutajana miaka, minne iliyogeuka sita kwa sababu ya vita, na ujana ulioliwa humo. Mimi hunyamaza, jambo linalowashangaza wanaonijua. Karo sikulipa, zama zile serikali ilitulipia, ikatupa na posho. Mimi nilimtoa baba. Sisemi kwamba alijinyima kwa ajili yangu, ingawa alijinyima. Nasema nilimchukua baba yangu akiwa hai na mzima wa afya, nikamwandika marehemu kwenye fomu, nikapewa kitanda.

Tulikuwa tukikaa Musaga, mtaa wa pembeni mwa mji. Baba alikuwa planton katika wizara moja: yule mtu anayekaa kwenye kiti nje ya mlango wa mkubwa, akipokea wageni, akichemsha chai, akibeba mafaili kutoka ofisi hadi ofisi. Alikuwa amesoma madarasa manne. Lakini Jumamosi planton yule alikuwa mtu mwingine. Kwetu posa haisemwi hivi hivi. Ukoo wa mwanamume huja na msemaji wake, ukoo wa mwanamke huwa na wake, na hao wawili hujibizana kwa mafumbo mbele ya watu huku pombe ikisubiri. Msemaji anayejua kazi hamwombi msichana. Anasema ng'ombe wake amepotea siku nyingi, amefuata nyayo, na nyayo zimeingia kwenye ua huu. Baba alikuwa msemaji wa aina hiyo. Wakurugenzi aliowachemshia chai Ijumaa walimtumia gari Jumamosi akawaposee watoto wao, na Jumatatu wakarudi kumwita kwa kengele.

Vita vilinikuta nikiwa mwaka wa pili. Mabasi ya Musaga yaliacha kwenda mjini mapema, na siku nyingine hayakwenda kabisa, siku zile za mji mfu, vijana wakiziba barabara kwa mawe na matairi na kila mtu akibaki alipo. Mara mbili nilifika chuoni mtihani umekwisha. Msomaji wa nyumbani ameshaanza kupiga hesabu: Musaga, miaka ile, basi huyu ni wa upande fulani. Ahesabu tu. Aibu ninayoiandika hapa haina kabila.

Vitanda vya chuoni vilikuwa vichache, na wa kwanza kupewa walikuwa mayatima. Fomu ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa: *Baba: hai / marehemu. Futa lisilohusika.* Nilifuta neno "hai". Nilitumia rula. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilitumia rula, na jibu pekee nililopata ni kwamba nilitaka kazi ionekane safi.

Ilihitajika pia hati ya mkuu wa mtaa na mashahidi wawili. Niliwapata vijana wawili waliokuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Wakashuhudia kifo cha baba yangu, nami nikashuhudia vifo vya baba zao. Wa mmoja, nilikuja kujua, alikuwa amekufa kweli. Mkuu wa mtaa alikuwa mgeni, hakutujua, na miaka ile mtu akikuambia amefiwa, kumhoji ilikuwa ni kukosa adabu. Uwongo wangu ulipita mgongoni mwa adabu za watu wengine. Majina nayo yalinisaidia. Kwetu mtoto harithi jina la baba. Kila mmoja hupewa lake anapozaliwa. Hapakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba planton fulani wa wizara fulani amemzaa mwanafunzi fulani, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aseme.

Nyumbani nilisema kitanda nimekipata kwa maksi. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Jumapili iliyofuata baba alikuja na godoro la sponji kichwani, kutoka kituo cha basi hadi geti la chuo, shati limemganda mgongoni. Nilimtua pale pale getini.

"Twende niione hiyo chumba," alisema. "Mama yako ataniuliza dirisha inaangalia wapi."

"Wageni hawaruhusiwi, baba."

Baba alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuwaambia watu maneno hayo kwenye mlango wa wizara. Aliyaheshimu kama wengine wanavyoheshimu Amri Kumi. "Ah, kama ni sheria," alisema, akaketi juu ya jiwe apumzike. Mama mmoja na binti zake wawili wakapita kati yetu na mlinzi, wakaingia ndani wakicheka, wamebeba sufuria. Baba aliwatazama mpaka walipopotea nyuma ya jengo. Akafuta jasho.

"Basi inaangalia wapi?"

"Mabati ya Mutanga Nord. Na kipande cha ziwa."

"Kikubwa?"

"Kidogo."

"Nitamuambia ni kikubwa."

Mwenzangu wa chumba alikuwa yatima wa kweli. Wazazi wake wote wawili waliuawa kwao mlimani majuma ya kwanza ya vita, na hakuwahi kuonyeshwa walipozikwa. Siku ya kwanza aliniuliza kwa upole, kama mtu anayekuuliza unavaa kiatu namba ngapi: "Wako, namna gani?"

"Barabarani," nikasema.

Hakuniuliza tena. Alinipa kitanda cha kando ya dirisha, akasema yeye akiona nje hapati usingizi.

Kwetu mtu akishazikwa mambo hayajaisha. Baada ya muda, aghalabu mwaka, familia huita watu tena kwa kuganduka, yaani kuondoa matanga. Watu hunywa, msemaji husimama na kutaja mema ya marehemu, na kuanzia hapo wafiwa wana ruhusa ya kuendelea kuishi. Mwenzangu hakuweza kurudi kwao kufanya hivyo. Njia zilikuwa zimefungwa. Jumamosi moja mchana aliingia na chupa mbili za bia, akafunga mlango.

"Tuwaondolee matanga hapa hapa," alisema. "Mi wazee wangu, we muzee wako. Watatuelewa."

Alisimama kati ya vitanda viwili akasema na baba yake na mama yake, polepole, bila kulia. Kisha akanisubiri. Nikasimama. Nikataja mema ya baba yangu, na yote yalikuwa kweli, ndilo jambo linalonichoma zaidi. Saa ile ile baba alikuwa mahali fulani Nyakabiga, amevaa koti lake la kahawia, anafuata nyayo za ng'ombe wa mtu.

Mwaka wa mwisho ulipofika nilihitaji mada ya tasnifu. Mwalimu wangu akapendekeza mafumbo katika hotuba za posa. Nikaanza kwenda Musaga Jumapili na kinasa sauti cha kuazima. Baba alivaa koti la kahawia hata kwa ajili ya mashine, akaketi mbele yake na kuihutubia kana kwamba ndiyo ukoo wa bibi harusi. Ikifika mwisho wa kanda na kukatika, aliiomba radhi. Kila kilicho kizuri katika tasnifu yangu ni chake. Katika orodha ya watoa habari, huko nyuma, niliandika jina lake, umri wake, planton, Musaga. Na huko mbele, kwenye ukurasa wa kutabaruku, ambao kwetu ndio ukurasa pekee unaosomwa na kila mtu, niliandika: *Kwa kumbukumbu ya baba yangu.* Nisingeweza kuandika jingine, maana mwenzangu wa chumba ndiye aliyenipigia chapa. Hivyo ndani ya kitabu kimoja baba alikuwa marehemu kwenye ukurasa wa tatu na mzima kwenye kiambatisho. Wasomi watatu waliisoma tasnifu ile. Walisahihisha nukta.

Nyumbani niliwaambia kwamba utetezi wa tasnifu hufanyika faraghani, kama baraza la mawaziri. Baba aliamini. Milango iliyofungwa ilikuwa fani yake.

Lakini wiki ile mwenzangu alikwenda wizarani kufuatilia karatasi zake, akamkuta planton mlangoni, akasoma jina kwenye kibandiko kifuani. Jina alilijua, alikuwa amelipiga chapa kwa vidole vyake. Mazungumzo yao niliyapata baadaye kutoka kwa wote wawili, na hayakutofautiana.

"Muzee, ni weye ulimusaidia mwanafunzi wetu na zile hotuba?"

"Ule ni mutoto wangu," baba alijibu.

Mwenzangu hakushtuka. Kwetu mzee yeyote humwita kijana yeyote mtoto wake. "Basi kuja Ijumaa, saa tatu. Anatetea."

"Si wanafunga mulango?"

"Apana, muzee. Watu wote wanaruhusiwa."

Ijumaa saa tatu nilikuwa nimesimama mbele ya jopo, nimefika ukurasa wa kumi wa maelezo yangu, mlango wa nyuma ukafunguka taratibu. Koti la kahawia. Kofia mkononi. Aliketi safu ya mwisho, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeingia kanisa la dhehebu jingine na hajui watasimama lini. Alinitabasamia. Nikapoteza mstari, nikausoma ukurasa wa kumi mara mbili. Hakuna aliyegundua, huenda ulikuwa hauna tofauti na wa kumi na moja.

Maswali yalipoisha, mwenyekiti wa jopo alifungua kiambatisho. Tuliongea Kifaransa, lugha ya mambo hayo.

"Hotuba hizi ni johari," alisema. "Huyu mzee wa Musaga bado yu hai?"

Mwenzangu wa chumba aliruka kwa furaha. "Yuko hapa! Ni yule pale!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mwenyekiti akavua miwani, akamtazama baba, akanitazama mimi. "Mna undugu?"

Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya ukurasa wa tatu. Labda haukuwa pale kwa makusudi. Niliona kila kitu kimejipanga foleni: hati, mashahidi, kitanda, chupa mbili za bia, uso wa mwenzangu uliojaa furaha. Na huko nyuma mtu mmoja amenyoosha shingo kidogo, anangoja kutajwa. Alikuwa amengoja tangu siku niliyoanza darasa la kwanza.

"Ni baba mdogo," nikasema. "Mdogo wake marehemu baba."

Nilidhani Kifaransa kingemfichia. Nilisahau kazi ya planton ni nini. Baba alikuwa amekaa nje ya milango zaidi ya miaka ishirini akisikiliza Kifaransa kikipita juu ya kichwa chake. Mwisho mtu huokota.

Alisimama. Hakufanya haraka. Aliinamia jopo kidogo, kama alivyowainamia wazee wa bibi harusi, akasema kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko changu: "Ndivyo ilivyo, mheshimiwa."

Walinipa maksi za juu. Mtoa habari, walisema, ni wa pekee.

Shahada ikishapatikana lazima imwagiliwe, yaani watu wainywee, na watu wakimwagilia lazima familia iseme. Ndiyo desturi; hata mwaka ule wa shida, kwenye chumba nyuma ya kantini, kwa Fanta na bia chache na mishikaki inayohesabika, hakuna aliyefikiria kuivunja. Chupa ya kwanza nilimpa mwenyekiti wa jopo, kwa mikono miwili. Ya pili ni ya baba wa mtoto. Nikampa baba, nikasema kwa sauti, ili mwenzangu asikie: "Kwa anayesimama mahali pa baba." Aliipokea. Hakunywa. Akaiweka chini karibu na mguu wake, akainuka. Nikajua sasa ndipo nitakapoumbuliwa, na nadhani sehemu yangu moja ilitamani iwe hivyo, ila ilikuwa sehemu ndogo na haikuwa inasimamia miguu yangu, kwa sababu miguu ilikuwa imeelekea mlangoni.

Aliwatakia watu amani, wakaitikia. Alisema kwa Kirundi. Kiswahili changu hakimtoshi, lakini nitajaribu.

"Nimesimama mahali pa mtu asiyekuwepo," alianza. "Kaka yangu. Waliomjua watanisahihisha." Akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia alikaa kidogo. Hakuna aliyemsahihisha.

"Hakuwa mtu mkubwa. Alibeba mafaili ya wakubwa. Uzito wake aliujua, yaliyomo hakuyajua. Mtoto huyu alipozaliwa alisema: huyu atayafungua. Alikuwa na kasoro moja kaka yangu, alipenda kusikilizwa. Ukimpa chupa moja anakurudishia hotuba mbili." Watu walicheka. "Leo kanyamaza. Lakini msimlilie. Kuna watu wanaokufa, na kuna watu wanaopisha njia. Njia ilikuwa nyembamba, mtoto akasema, baba, nipishe. Naye akaingia kichakani ili mtoto apite. Angekuwa hapa asingedai kiti, wala chupa. Angeomba kitu kimoja: mtoto akishapita, ageuke mara moja atazame kichakani."

Akaketi. Mwenzangu wa chumba alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, kwa ajili ya wazazi wake, nadhani, na kwa ajili ya marehemu wangu. Mwenyekiti wa jopo alitoa kalamu akaandika kitu kwenye kidaftari. Sina shaka ni fumbo la kichaka. Mimi nilitazama Fanta yangu.

Nilimsindikiza. Tulipofika kwenye ua nilianza: "Baba..."

"Apana. Tuko bado ndani ya geti. Huku mi ni baba mudogo."

Tukaendelea kutembea. Nje ya geti, karibu na jiwe aliloketi siku ya godoro, alivaa kofia yake.

"Sasa sema."

Miaka sita ya chuo kikuu, na nilichoweza kumtajia ni vitu tu: fomu, rula, mashahidi, kitanda.

"Basi mi niulize. Nilikufa namna gani?"

"Barabarani."

"Barabarani namna gani? Grenade? Gari?"

"Sikueleza."

"Ee, mutoto we! Mutu wa kusema kama mi, unaniua na neno moja?" Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi aliyeona kazi mbovu. "Na mama yako? Anajua kama ni mujane?"

"Hapana."

"Usimuambie mbele ya chakula."

Kisha mzaha ukamwishia, nikauona unavyomtoka usoni. Aliniuliza kama karatasi ile inaweza kurudishwa. Nikamwambia nikiirudisha watanifutia shahada. "Najua," alisema. "Karatasi ikiingia mu faili haitoke. Si mi ndiye nazibeba?" Akatazama barabara inayoshuka Nyakabiga. "Basi iache. Lakini siku nitakufa kwa kweli, we ndiye utasema mbele ya watu. Mi nimekufundisha. Siku hiyo unirudishe. Sema tu: huyu alinizaa. Umeniua na neno moja, unirudishe na moja."

Nikaapa. Nilimshika mkono nikaapa, na nilimaanisha.

Mama alipoambiwa hakusema nami wiki nzima. Kisha mambo yakazidi kuwa mabaya kwake, maana mwenzangu wa chumba alianza kuja Musaga kila Jumapili. Alikuwa amempenda "baba mdogo" wangu. Baba alimfundisha kusema, akamchukua kwenye posa za watu ambebee fimbo, na siku alipotaka kuoa, yeye asiye na baba, aliyevaa koti la kahawia na kumfuatia nyayo za ng'ombe hadi Mutanga Nord alikuwa baba yangu. Alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema. Lakini kwa mama kila Jumapili ilikuwa mateso. Zamani, mtu akifa, ndugu yake aliweza kumrithi mjane, na mwenzangu, kijana mwenye heshima, alikuwa amejielezea mambo ya nyumba yetu kwa namna hiyo.

"Anafikiri mi nimerithiwa na shemeji," mama aliniambia jikoni, akikata mboga za lengalenga kama anayelipiza kisasi. "Ananihurumia! Ku nyumba yangu! Ku bwana wangu!" Halafu akapeleka sahani, na kipande kikubwa cha samaki kilikuwa cha mgeni.

Baba alikufa vita vikielekea mwisho. Alikufa kwa ini, hospitalini, juu ya kitanda, kifo ambacho miaka ile kilikuwa karibu anasa. Mimi wakati huo nilikuwa mwajiriwa wa serikali, jengo la pili kutoka kiti chake cha zamani. Nilikwenda kuomba ruhusa ya msiba. Karani alifungua faili langu, lile lililonifuata kutoka chuoni, akapekua, akainua macho.

"Bwana, baba yako alishakufa. Iko hapa, na muhuri."

Tulikuwa wawili tu. Mlango ulikuwa umefungwa. Kama kuna nafasi mtu hupewa mara moja maishani, ilikuwa na umbo la chumba kile.

"Nilitaka kusema baba mdogo," nikasema.

"Baba mudogo haiko mu sheria." Alikuwa mtu mwema, alifikiri. "Lakini pole sana. Chukua kesho asubuhi."

Nilimzika baba yangu kabla ya saa sita. Saa nane nilikuwa mezani.

Makaburini padri ndiye aliyesema. Nikajifariji kwamba neno langu ni la siku ya kuganduka. Nililiandaa mwezi mzima. Niliandika kurasa mbili, na katikati ya ya kwanza, peke yake kwenye mstari wake, niliandika: *Huyu alinizaa.* Siku ilipofika ua wetu wa Musaga ulijaa watu chini ya hema la plastiki. Majirani walikuwepo, nao hawakuhitaji kuambiwa kitu. Mkuu wangu wa kazi alikuwa safu ya mbele na wenzangu wa ofisini, wamekuja kwa heshima ya baba mdogo wangu. Kando yao alikuwa mwenzangu wa chumba na mkewe. Mama alikaa kwenye kiti chenye mikono, ametazama mdomo wangu.

Nilisema vizuri. Hilo lazima nilikiri, maana ni sehemu ya kosa. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Nikakaribia ule mstari, nikauona unakuja kama mtu anavyoona kizuizi barabarani, nikamwona mkuu wangu amekunja miguu, nikamwona mwenzangu ananitikisia kichwa kunitia moyo, na mdomo wangu ukasema: "Mzee wetu huyu..." Ukaendelea na mzee wetu hadi mwisho wa ukurasa wa pili. Mtu asiyesoma angelazimika kuchagua kati ya kweli na uwongo. Mimi nilikuwa nimesoma, nikapata neno la kupita katikati.

Nilipoketi, mwenzangu aliomba ruhusa aseme. Hakuwa na karatasi.

"Mi wazazi wangu waliniacha mapema, na pahali wamelala sipajui," alisema. "Nilimukuta huyu muzee ku mulango wa wizara. Mi si wa damu yake, na watoto wake wanisamehe. Lakini mbele yenu wote naomba kusema: huyu alinizaa mara ya pili."

Watu waliitikia kwa sauti moja. Mama alifunika uso wake kwa kitenge. Alipokifunua, nilikuwa nimepiga goti mbele yake na chupa, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Hakuipokea mara moja.

"Hotuba nzuri," alisema. "Ilikuwa ya muzee gani?"

Mama naye ameshaondoka. Tangu siku ile nimeandika mambo mengi, karibu yote yakiwakosoa watu wengine. Mwenzangu husoma kila ninachochapisha, kisha hunipigia simu kunisahihisha methali. Safari hii nadhani atapiga mapema. Basi, ndugu yangu, kabla hujapiga: yule mzee aliyekuposea mke, yule tuliyemwondolea matanga chumbani mchana ule naye yuko Nyakabiga, alikuwa mtu mmoja. Alinizaa. Najua sasa hakuna faili linaloweza kunifanya chochote, na ndiyo maana naweza kuandika. Usinihesabie kuwa ni ujasiri.

Kitanda kile cha dirishani ulichonipa kilikuwa cha yatima mwingine, aliyekuwa nyuma yangu kwenye orodha. Sijui alikuwa nani, wala kama alimaliza masomo. Ofisi ya kugawa vitanda ilikuwa chini ya ngazi zetu. Sikuwahi kushuka kuuliza.